Taa ya Traki ya Pili

"Simama, simama, simama," baba alisema, akaondoa mikono kwenye kinanda kana kwamba kimemchoma. "Kuna nzi."

Ilikuwa mara ya tisa. Mara ya kwanza alisimama kwa sababu ya bomba la jirani. Mara ya pili kiti kililia. Mara ya nne alisema nimepumua. Mimi, binti yake wa kumzaa, nimekaa kimya nyuma ya kompyuta yangu, eti nimepumua. Na sasa nzi. Niliangaza macho chumba kizima, magodoro niliyoyasimamisha ukutani kuzuia mwangwi, blanketi nililolitundika mlangoni, nisione hata mbu.

"Nzi yuko wapi, baba?"

"Ameshaondoka. Lakini ameshaharibu. Futa."

Nikafuta, kama nilivyofuta zile nane za kwanza. Alikuwa amefundisha muziki shuleni maisha yake yote, na kwake kosa lilikuwa la kupanguswa ubaoni mara moja, lisije likaonwa na mtu.

Nilikuwa na siku mbili tu. Ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu asubuhi angefanyiwa upasuaji wa koo. Daktari alitueleza bila kuzungukazunguka kwamba uvimbe umekaa pabaya, na kisanduku cha sauti kitatoka nao. Baba angepona. Angekula, angetembea, angeudhi watu kama kawaida, ila asingesema tena. Mama aliyasikiliza hayo yote bila kutoa chozi, kisha tulipofika nyumbani akanifuata jikoni na kunishika mkono.

"Wewe si unarekodi watu? Nirekodie wimbo wangu. Nataka sauti yake ibaki ndani ya nyumba hii."

Wimbo wake ni ule ambao baba alimtungia walipokuwa wachumba, yeye mwalimu mgeni, mama karani wa shule ileile. Kwa miaka thelathini na nane alimwimbia akipiga pasi, akinyoa ndevu, akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Haukuwahi kurekodiwa hata kwa simu. Nani anahangaika kuhifadhi kitu anachokisikia kila siku?

Kwa mtu mwingine yeyote ingekuwa kazi ya saa moja. Nilimweleza utaratibu taratibu, kama anavyoelezwa mteja mpya. Traki ya kwanza ni ya midi, inachukua kinanda. Traki ya pili ni ya sauti, inachukua maiki. Midi haihifadhi mlio wenyewe, inahifadhi vidole: umebonyeza wapi, kwa nguvu kiasi gani, umeachia lini. Mlio unachagua baadaye, ukitaka piano, ukitaka filimbi. Kwa hiyo apige kinanda kwanza, akikosea nota naisogeza kwa kipanya, kisha avae hedifoni aimbe juu yake kwa raha zake.

"Yaani niimbe bila mikono?"

"Mikono itakuwa imeshamaliza kazi yake, baba."

"Mimi si shati, unishone mkono leo, kola kesho. Nikiimba napiga, nikipiga naimba."

Hedifoni alizikataa. Mlio wa kuhesabia mapigo aliukataa pia, akasema unamhesabu kama mfungwa. Kitu kimoja tu katika mitambo yangu yote kilimvutia, nacho ni kitaa chekundu cha traki ya pili, pale kwenye skrini.

"Hiki kikiwaka ndiyo nini?"

"Ndiyo sauti yako inaingia. Kikizimwa, hata ukipiga ukunga hakuna kinachobaki."

Akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo jicho lake moja lilikuwa kwenye kinanda na jingine kwenye kitaa. Nilidhani ananikagua mimi, kama alivyokuwa akikagua madaftari ya wanafunzi wake.

Mara ya kumi alisahau ubeti wa pili. Wimbo wake mwenyewe! Mara ya kumi na moja alianza juu mno, sauti ikakwaruza, akadai kinanda changu kimepandishwa. Feni ilikuwa imezimwa kwa amri yake, jasho linanitiririka mgongoni, na kila baada ya dakika chache mama alifungua mlango kuuliza kama tayari, blanketi linaanguka, nainuka kulitundika upya. Nilikuwa nimefika hapa, shingoni.

"Baba, wimbo ni wa mama. Kwa nini unafanya hivi?"

"Nafanya nini? Mimi nataka uwe mzuri. Wewe unataka uishe."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma. Nikajisemea moyoni, haya mzee, tuone nani mkaidi zaidi. Nikaizima traki ya pili, nikaacha ya kinanda peke yake. Hesabu yangu ilikuwa hivi: aimbe atakavyo, mimi nipate kinanda kisafi, kisha akishapumzika nichukue sauti, apende asipende. Sikumwambia.

"Mara ya mwisho kabla ya chai," nilisema.

Baba akatazama skrini. Akanitazama mimi. Akashusha mabega, akaanza.

Nimekaa na waimbaji miaka kumi na moja, wengine wana majina makubwa, na sijawahi kusikia kitu kama kile. Hakukwaruza, hakuharakisha. Kabla ya ubeti wa pili alisubiri kidogo, kama mtu anayesimama mlangoni kuvua viatu, kisha akaingia. Kwenye kiitikio aliishusha sauti mpaka nikasahau nimekaa pale kwa kazi gani.

Nilipokumbuka, mkono ukakimbilia kipanya. Nikibonyeza sasa hivi ningepata nusu ya wimbo, lakini kipanya changu kina mlio, na mtu aliyesimamishwa na pumzi yangu angesimamishwa na mlio huo. Nikabaki mkono u hewani, nikijiambia sauti bado ipo, nitaichukua baada ya chai, mpaka nota ya mwisho ikaisha.

Mama alikuwa ameshafungua mlango. Macho yalikuwa yamemlowa. "Imeingia?"

"Imeingia, mama."

Baba alichukua bilauri yake ya maji, akanywa, akaangalia chini.

Baada ya chai koo lilitoa hewa tupu. Jumapili ilikuwa hivyohivyo. Jumatatu tukampeleka hospitali.

Wiki tatu nilimkwepa mama. Bado nasafisha, mama. Bado nachanganya, mama. Nilitafuta kila mahali ndani ya kompyuta, hata palipofutwa, na sikupata kitu. Nilikuwa nimejaa hasira, nazo hazikuwa na pa kwenda, maana aliyenikosea ni mimi mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na mimi niliyamwaga kusudi.

Baba alirudi na bandeji shingoni, daftari mkononi na kalamu yake nyekundu ya kusahihishia. Siku ya pili mama alimshika mkono, wakaja hadi chumbani kwangu, wakaketi.

"Leo nataka kusikia," mama alisema.

Sikuwa na la kufanya. Nikauwasha wimbo. Kinanda kikaanza, safi kabisa. Mama akainamisha kichwa kungoja sauti. Utangulizi ukapita, ubeti ukafika, kinanda kikaendelea peke yake. Akaitazama spika, kisha akanitazama mimi.

"Yeye yuko wapi?"

Nilimwambia yote: jasho, nzi, hasira, traki niliyoizima, uongo wangu. Mama alinisikiliza kama alivyomsikiliza daktari.

Baba akagonga meza kwa kalamu. Akaandika, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, akaligeuza daftari tulisome.

*Niliona taa haijawaka.*

Mama alisoma mara mbili. "Uliona? Na ukanyamaza?"

Akaandika tena, polepole zaidi.

*Kila ilipowaka nilijua huenda ndiyo mara yangu ya mwisho. Nikashindwa kuimba.*

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," mama alisema. "Mmoja anazima, mwingine anaona, wote mnafyata midomo. Na mimi niliyeomba?"

Alilaza mikono mapajani, ameukaza uso. Kisha akasema, "Rudisha mwanzo."

Nikarudisha. Safari hii hakungoja kitu. Alisikiliza vidole. Kinanda kilipofika mwisho wa ubeti wa kwanza kikasita, akainua kidole kimoja.

"Hapa anavuta pumzi."

Nilimtazama baba. Midomo yake ilikuwa inakwenda na maneno, bila sauti.

"Na hapa amechelewa," mama akasema. "Hapa huchelewa siku zote."

"Hapo naweza kupanyoosha," nilisema, kwa mazoea tu ya kazi. "Ni kubonyeza mara moja."

Wote wawili wakageuka kunitazama. Baba alikuwa ameinua kalamu nyekundu.

Nikaondoa mkono kwenye kipanya.