Mapigo ya Meza Moja

Tangu tulipomzika Atuganile kule Mbagala, watu wananisimulia alivyokuwa katibu muhtasi hodari. Ni kweli. Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa ile Jumamosi aliyopiga taipu taratibu kuliko siku zote.

Ilikuwa mwaka 1972. Nilihamia chuo kidogo cha uhazili huko Chang'ombe nikitokea misheni moja ya Masasi, ambako darasa la taipu lilikuwa limefungwa. Siku ya kwanza kelele zilinisimamisha mlangoni. Misheni tulikuwa wasichana wanane, na Sista alitufundisha kwa wimbo wa kanisani: yeye anaimba, sisi tunapiga herufi kwa mapigo yake, sote pamoja, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Hapa mashine ishirini na nne zililia kila moja kwa wakati wake. Hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Mwalimu Tekla aliniambia bila kuinua macho, "Kaa pale na Atuganile. Jumamosi ya wiki ijayo darasa zima lina jaribio. Wewe mgeni nataka maneno thelathini kwa dakika. Ukipungukiwa, unarudi kwenu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Atuganile alikuwa msichana mrefu wa Tukuyu. Alisogeza mashine yake nipate nafasi, maana meza ilikuwa moja kwa wawili.

Somo la kwanza lilikuwa barua ya serikali. Misheni tulizoea barua za Kiingereza. Hapa kila kitu Kiswahili, Ndugu fulani, Yahusu mkutano wa kijiji. Sikuwahi kujua lugha yetu ina "a" nyingi namna ile. Herufi hiyo ni ya kidole kidogo cha kushoto, na kufika saa nne changu kilikuwa kimekufa ganzi. Nikapoteza mstari. Bila kujitambua nikaanza ule wimbo wa Sista, kwanza puani, halafu kwa sauti.

Mashine za jirani zikanyamaza. Msichana wa mbele, Rosalia, akageuka. "Dada, misa ya kwanza imeshapita. Subiri ya saa tano."

"Mwache, anaiombea mashine," mwingine akasema, na darasa likacheka.

Hata Mwalimu Tekla alitabasamu, kisha akanikataza. "Ofisini hutaimba, Adelina."

Bila wimbo vidole vyangu havikujua pa kwenda. Wiki ile nilipata maneno kumi na tisa. Kaka yangu Gaspar, niliyekaa kwake Temeke, alikuwa amekwisha kuwaandikia wazazi kwamba nimekuwa mtu wa ofisi.

Alhamisi kabla ya jaribio tulikuwa tunapalilia shamba la mihogo la chuo. Atuganile akaniuliza, "Ule wimbo wako, mapigo yake yakoje?"

Nikamgongea kwenye mpini wa jembe.

"Hivyo tu? Bibi yangu anatembea haraka kuliko hivyo."

Akaendelea kulima.

Jumamosi Mwalimu Tekla alisema, "Anzeni," na kelele zikaanza. Nilikuwa nimeshakosea mstari wa kwanza nilipousikia mezani, chini ya viwiko vyangu, mtikisiko mmoja ulio sawasawa, haukimbii wala hauchelewi. Atuganile alikuwa anapiga mashine yake kwa mapigo ya Sista. Nikaufuata mpaka tuliposimamishwa.

Nilipata thelathini na moja. Atuganile, aliyezoea hamsini, alipata thelathini na mbili.

Mwalimu Tekla alilisoma jina lake mara mbili. "Unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Vidole vizito tu leo."

Mshindi wa jaribio lile alikuwa anapelekwa wizarani kujifunza kazi, na wote tulijua nafasi ni ya Atuganile. Ikaenda kwa Rosalia.

Nilimfuata uani. "Kwa nini umefanya vile?"

"We ungerudishwa. Mie hawanirudishi." Akajifunga kanga vizuri. "Halafu ungeondoka, wangeniletea Kasiani hapa mezani, na Kasiani anakula vitunguu vibichi."

Alisubiri nafasi nyingine miezi saba. Hakuligusia jambo lile tena. Miezi yote hiyo tulikaa meza moja, nami kila asubuhi nilifika mapema, nikamfutia mashine yake vumbi kabla hajaingia.