Nyumba ya Peni Nyembamba

Karatasi ya kwanza ya gesti ya Lazaro ilitoka kwenye plota, mashine ya kuchapa ramani, Jumatano asubuhi, na Lazaro mwenyewe hakuipenda. Aliiinua mbele ya dirisha, akaishusha, akaiinua tena, halafu akasema nyumba yake imelala.

"Nimeagiza ghorofa," alisema. "Nyie mmenichorea mkeka."

Chiku, aliyeichora, hakubisha. Mwonekano wa mbele wa nyumba ndivyo ulivyo. Ukiuchora kwa vipimo vyake na ukaishia hapo, nguzo iliyochomoza na ukuta uliojificha nyuma yake vinabanana kwenye karatasi moja bapa, na jicho halijui kipi kimetangulia. Wachora ramani wana dawa yake. Kilicho karibu hupewa mstari mnene, kilicho nyuma mstari mwembamba, na paa hudondoshewa kivuli ukutani ili mtu ajue limetokeza kiasi gani. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya kalamu za wino na subira. Kwenye kompyuta ilikuwa rahisi mno: kila rangi ilipangiwa unene wa peni yake. Mstari ukiupa nyekundu unatoka mnene, ukiupa kijivu unatoka mwembamba kama uzi wa buibui.

Mwenye ofisi alikuwa Melkiori, mchora ramani wa serikali mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Kiinua mgongo chake kiliishia kwenye kompyuta, plota na jenereta, na vyote alivipanga kwenye chumba nyuma ya duka la mbegu hapo Kisima Chumvi, mji mdogo wa barabarani ukishapita Ihanja. Watu walimcheka, wakamuuliza atachora nini, vibanda vya kuku? Lakini ilikuwa miaka ile ya kuuza kila kilichokuwa cha umma, na wanunuzi walikuwa na haraka ya kujenga. Lazaro alinunua duka la ushirika lililokufa, akalivunja, na mahali pake alitaka gesti ya kulaza madereva wa malori.

Melkiori aliitazama ile karatasi huku akipuliza chai. "Inayotuharibia ni hiyo nyumba ya nyuma," alimwambia Chiku. "Imeganda mgongoni mwa gesti. Ipe kijivu, iende zake huko."

Nyumba ya nyuma ilikuwa ya Mamdogo Rukaya. Huyo ni mdogo wake marehemu mama yake Chiku, na ndiye aliyemlea Chiku tangu hajaota meno. Ilichorwa kwa sababu kamati ya mji ilitaka kila jirani aonekane. Kwenye ardhi yenyewe ilikuwa karibu mno: ukisimama kwenye kiwanja cha gesti ungeweza kupokea sahani kupitia dirisha lake. Chiku alishika kipanya, moyo ukasita kidogo, asijue unasita nini. Ni mistari tu, alijiambia. Akazipa nguzo nyekundu, akalidondoshea paa kivuli, akaipa nyumba ya Mamdogo kijivu.

Kweli gesti ikaamka. Nguzo zikaja mbele, varanda ikaingia ndani, na ile nyumba nyingine ikarudi nyuma kabisa, huko kwenye ukungu. Lazaro alicheka hadi akakaa chini. Kamati nayo ikagonga muhuri.

Kivuli kilifika kabla ya mafundi. Siku zilizofuata kilionekana kimetanda pale kiwanjani, kimelala mshazari kama kwenye karatasi, na hakikuhama asubuhi wala jioni, jua liende litakako. Paa lake lilikuwa bado halijanunuliwa hata bati moja. Wauza vitunguu walihamishia mafungu yao hapo, na wenye matenga ya kuku wakafuata. Jua la Singida mnalijua wenyewe. Mtu akipewa kivuli haulizi kimetoka kwenye paa gani.

Wa kwanza kuona tofauti nyingine walikuwa wanywa chai. Mamdogo Rukaya alikuwa akiuza maandazi kituo cha mabasi kila asubuhi, na yaliyobaki dirishani kwake, na sifa ya maandazi yake ilikuwa kuunguza vidole. Sasa yakaanza kufika baridi. Halafu yakawa yanafika watu wameshakunywa chai yao kwa mkate wa dukani, na Mamdogo mwenyewe kandambili zimejaa vumbi, kanga imelowa jasho mgongoni.

Chiku alimkuta siku moja ameketi kwenye kile kivuli, ndoo ya maandazi imejaa. Akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema Mamdogo. "Nyumba imesogea. Nimetoka alfajiri, ndiyo kwanza nafika." Alisema hivyo kama mtu anayesema kisima kimeshuka maji mwaka huu, kisha akamshikisha Chiku andazi, akamwambia amekonda, huko ofisini wanakula karatasi?

Ijumaa Chiku akaomba ruhusa, akaenda kumtembelea. Alipita katikati ya mafundi waliokuwa wakichimba msingi, akatokea upande wa pili, akaanza kutembea. Nyumba aliiona, ndogo, mbele kabisa. Ardhi ya katikati ilikuwa tupu. Hapakuwa na jiwe wala kichaka wala kinyesi cha mbuzi, maana kwenye karatasi hapo hakuchora kitu. Alitembea mpaka soli zikapata moto. Hapo ndipo alipoelewa ameshika nini siku ile aliposhika kipanya, na aibu ikampanda, akawa anatembea ameinamisha kichwa ingawa hapakuwa na wa kumwona.

Alipofika alikuta kuta zimepauka. Ile rangi ya buluu aliyoipaka marehemu Mzee Kombo, mume wa Mamdogo, ilikuwa imebaki kwa kukisia tu. Hata maneno ya kanga ya Mamdogo yalikuwa hayasomeki tena, na sauti yake ilitoka nyembamba, ikabidi Chiku asogeze kigoda. Walikula ugali wa uwele na mlenda. Ladha ilikuwepo, ila kwa mbali.

"Mimi ndiye niliyekuchora hivi," alisema Chiku.

"Najua. Nani mwingine hapa mjini anachora?" Mamdogo alimwongezea mlenda. "Nyumba kusogea si neno. Neno ni uwanja."

Akamweleza yale ambayo Chiku aliyajua nusu. Gesti haikuwa imekaa kwenye kiwanja cha ushirika peke yake. Ilikuwa imekula uwanja wa mbele wa Mamdogo wote, pamoja na njia yake ya kutokea barabarani. Mpaka ulikuwa ua wa minyaa uliopandwa na Mzee Kombo, na Lazaro aliung'oa kwa trekta siku Mamdogo alipokwenda msibani Misigiri. Mamdogo alikuwa ameshalalamika, na kamati ilikuwa imekubali kuja kuangalia.

"Umekulia pale," alisema. "Minyaa unaijua ilipokuwa. Utasema?"

Chiku akasema atasema. Alikuwa na hofu, tusidanganyane. Nusu ya kazi za ofisi ilikuwa ya Lazaro na ya marafiki wa Lazaro, na Melkiori hakuwa na mshahara wa kulipa watu wa kusema kweli. Lakini mtu aliyekutafunia chakula ukiwa huna meno humwachi mdomoni mwa simba.

Siku ya kamati ikafika. Mwenyekiti Zefania, mtu mpole, mzee wa kanisa, alikuja na wenzake na ramani yenye muhuri, wakasimama kwenye kivuli kwa sababu ndipo penye ubaridi. Lazaro aliwaletea soda. Mamdogo alikuwa hajafika. Alikuwa njiani, alionekana kule, kadoa keusi kanakosogea.

Zefania akatazama ramani, akatazama chini, akaridhika kwamba vinafanana. Akauliza mlalamikaji anakaa wapi. Wakamwonyesha. Akakunja uso kwa ajili ya jua.

"Kule?" alisema. "Sasa mtu wa kule na kiwanja hiki wapi na wapi?"

Chiku akajitokeza. Alisema nyumba ile ilikuwa hapa, hatua chache kutoka waliposimama. Akawaonyesha mstari wa minyaa kwa mguu, kutoka pembe hii hadi pembe ile, bila kukosea. Alisema nyumba imekwenda mbali kwa sababu yeye aliipa peni ya kijivu ili gesti ionekane imekuja mbele, na kwamba umbali ule ni wa kuchora tu. Alisema yote hadi mwisho.

Hakuna aliyemwita mwongo. Hilo ndilo lililomwuma kuliko yote. Mjumbe mmoja alitikisa kichwa kwa huruma, mwingine akasema hata yeye anakumbuka ule ua, uliwahi kumtia utomvu jichoni.

"Binti, hatukatai," alisema Zefania. "Sote tumenunua maandazi kwenye dirisha lile. Ila kamati inaamua kwa kinachoonekana, na kinachoonekana kiko mbali. Hatuwezi kumpa mtu uwanja wa mbele wa nyumba ambayo haipo hapa."

Wakaandika kwamba gesti haina jirani wa karibu. Mamdogo alifika chupa zimeshakusanywa, akawasalimia wote mmoja mmoja, akaelezwa. Alisimama kidogo akipangusa uso kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza kama kuna anayetaka maandazi, na kwa kuona haya wajumbe wote wakanunua. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Chiku hakukubali upesi. Aliifungua ile kazi kwenye kompyuta, akaipa nyumba ya Mamdogo nyekundu, mistari minene kupita nguzo za gesti, akaichapa. Melkiori alimwona, akaondoka kwenda kutazama jenereta ambayo haikuwa na tatizo. Karatasi ikatoka nzuri. Nyumba haikusogea hata kidogo, maana karatasi haikuwa na muhuri, na Zefania alimweleza taratibu kwamba ramani iliyopitishwa haibadilishwi mpaka mwenye kiwanja aombe. Mwenye kiwanja alikuwa Lazaro.

Akachora tena, safari hii mwonekano wa nyuma. Alijiweka upande wa pili, ambako nyumba ya Mamdogo ndiyo inayotangulia. Akaitolea kivuli kizito chini ya bati, mlango ukaingia ndani ya ukuta, kizingiti kikachomoza, hata kigoda akakichora. Gesti ndiyo ilibaki kijivu. Haikuwahi kutoka kazi nzuri kama ile mikononi mwake. Zefania aliisifu kwa dhati, akaikunja, akamrudishia.

"Upande wa nyuma hauna barabara," alisema. "Nani atasimama huko atazame?"

Gesti ikajengwa, ikapakwa rangi ya maziwa, ikafunguliwa kwa sala na pilau. Njia pekee ya Mamdogo ya kutokea barabarani ilipita kwenye korido ya gesti, na mlinzi akawa anamuuliza kila asubuhi anatafuta nani. Chiku alimwomba ahamie kwake, chumba kinatosha kwa wawili. Mamdogo alikataa.

"Nikitoka," alisema, "watasema pako wazi."

Akaacha maandazi, akanunua kuku wachache, akabaki hukohuko. Nyumba ikaendelea kurudi nyuma, pole pole, kwa sababu kijivu hakina mwisho. Chiku alikwenda kila alipopata siku, mpaka safari ilipoanza kumshinda. Giza lilikuwa linamkuta katikati ya ile ardhi tupu, na ilibidi ageuze bila kufika. Alirudi analia, miguu imevimba, na Jumatatu akaenda kazini kuwachorea watu nyumba zao.

Vyumba vya nyuma vya gesti ndivyo vinavyowahi kujaa. Ukifungua dirisha unaona nchi pana, haina kitu, na mbali kabisa kijumba kimoja kilichopauka na moshi wa jikoni. Wageni wanasema kinatuliza macho. Dereva mmoja wa malori ya Kigali huwa anaomba chumba kile kile cha nyuma kila safari, na aliwahi kumuuliza Lazaro kijumba kile alikijenga kwa gharama gani. Lazaro alicheka tu.

Chiku hupita pale kila asubuhi kabla ya kazi. Mhudumu wa gesti, Aneth, humfungulia mlango wa baraza ya nyuma bila kuulizwa. Chiku husimama, huweka viganja mdomoni, humpa Mamdogo shikamoo yake, halafu huondoka, kwa sababu jibu haliji papo hapo. Mwanzoni lilikuwa likifika saa ya chai. Baadaye likawa linafika mchana, na Aneth akawa anamtunzia, anamwambia akipita jioni: marahaba yako imefika, na amesema kuku wanataga. Kisha likawa linafika kesho yake. Kisha Aneth akaacha kuhesabu.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaanza, Chiku alifika barazani na hata viganja alikuwa hajaviinua, sauti ikamfikia, nyembamba, imetulia.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Alitazama kule. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeshuka, na moshi hakuuona. Hakujua ni shikamoo ya lini iliyokuwa inajibiwa, ya mwezi uliopita au ya mwaka juzi, wala kama aliyejibu bado yupo. Aneth alikuwa amesimama nyuma yake na fagio, anasubiri baraza ipate nafasi.

Chiku akajibu kwa sauti kubwa kwamba amekula, ameshiba. Akaenda kazini.