Sitoki Wodini

Mafua yale yaliingia Mwembesongo mwanzoni mwa mvua, na karibu kila nyumba ilikohoa. Wengi walilala kidogo wakaamka. Mwanvita, muuza mchele aliyekuwa na kisukari tangu ujauzito wake wa mwisho na akimeza vidonge vyake kwa kificho, alibaki kitandani.

Kaka yake Salehe aliteremka kutoka Kinole, anakolima mdalasini na ndizi, akamkuta anatetemeka kwa homa, hali kitu. Tangu wazazi wao wafariki, neno la Salehe ndilo lililokuwa la mwisho katika ukoo.

"Vidonge vya sukari weka kando," aliamuru. "Tumbo tupu halibebi dawa. Mgonjwa anataka nguvu."

Akamnywesha glukosi, kisha juisi ya miwa. Mwanvita alikunywa kwa kuwa ni kaka yake, na kwa kuwa kiu ilikuwa inamchoma. Lakini kadiri alivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi. Alikwenda haja mpaka miguu ikakataa, na pumzi ikawa fupi kama ya mtu anayepanda mlima na mkungu kichwani. Ndipo bintiye, Zuleha, alipoita bajaji bila kuomba ruhusa ya mjomba.

Hospitalini walipokewa na daktari kijana, Veronika. Alimtoboa mgonjwa kidole, akampima na kifua.

"Pole, mama. Sukari imepanda mno, na virusi vya mafua vimeshuka hadi kwenye mapafu."

"Mafua na sukari vinajuana wapi, mwanangu?"

Veronika alivuta stuli. "Kirusi hakina jiko lake, mama. Kinaingia ndani ya seli ya mapafu, kinapikia humo humo kwa kuni za mwenye nyumba. Sukari ikifurika kwenye damu, kuni ni tele. Na zile seli zinazotakiwa kukifukuza, sukari hiyo hiyo inazilegeza. Halafu ukiugua, sukari hupanda hata kama hujala. Ndiyo maana dawa haiachwi bila kutuuliza."

Alilazwa, akawekewa oksijeni, dripu na insulini.

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, Salehe aliingia amekunja uso.

"Insulini! Shemeji alichomwa hiyo hiyo, hakumaliza mwezi. Nimekuja na gari. Tunapanda Kinole sasa hivi."

Mwanvita alishusha barakoa ya oksijeni. "Marehemu mume wangu aliletwa akiwa keshazidiwa, kaka. Sindano ilimkuta yuko njiani kuondoka."

"Unanibishia?"

"Ndiyo."

Salehe alijipiga kifua.

"Mimi ndiye niliyebaki badala ya baba!"

"Na nakuheshimu. Lakini mapafu haya ni yangu. Huwezi kunihemea hata mara moja. Sitoki."

Salehe akamgeukia Zuleha. "Mfungashie mama yako."

Zuleha alimtazama mama yake, kisha akaketi miguuni pa kitanda. Mwanvita alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Muuguzi akanyoosha mkono kumrudishia barakoa, Mwanvita akamzuia kwanza.

"Na glukosi yako uondoke nayo."

"Basi usinitafute, mimi wala ukoo," Salehe alisema, akaondoka.

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Kuna nyakati Mwanvita alijiuliza kama kaka yake alisema kweli, maana kifua kilibana, na sindano zilimwacha na maumivu tumboni. Lakini sukari ilishuka polepole, homa ikalegea. Asubuhi moja alitembea hadi dirishani bila kushikwa, akasimama akihema mwenyewe.

Salehe hakuja dada yake alipotolewa hospitali, wala hakupokea simu. Jambo hilo lilimuuma Mwanvita kuliko sindano. Hata hivyo kila Ijumaa alimpigia: kumsalimia, si kumwomba radhi.

Aliporudi sokoni, alikuwa amekonda, sauti inakwaruza. Kabla ya chakula cha mchana alipandisha blauzi kidogo chini ya khanga, akabana nyama ya tumbo, akajichoma insulini pale pale kibandani.

"Jamani, si uingie ndani?" jirani yake muuza nyanya alinong'ona. "Watu watasema umekwisha."

"Waseme. Mimi nilikuwa ninakwisha nilipokuwa ninajificha."

Wateja wawili walitazama pembeni. Mmoja alitazama moja kwa moja, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Mwanvita akachomoa sindano, akajifuta, akarudi kwenye mizani.

"Haya, nani anafuata? Mchele huu wa Dakawa, haujachanganywa."