Alama ya Kitambaa Juu ya Bafle

Mteja haulizwi kitu kimetoka wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya Sylvestre, fundi wa mbao wa mtaa wa Ngezi mjini Bunia, na mafundi wenzake waliishika vilevile tangu vita ianze kuwahamisha watu. Yeye mwenyewe alikimbia Marabo miaka miwili iliyopita, simu ikapotea njiani. Dada yake Denise hakujulikana alipo tangu watu wakimbie Bule. Mwezi wa tatu Sylvestre alizunguka kambi zote za Bunia akisoma orodha, jina halikuwemo.

Kwa hiyo Eddy, mwenye baa, alipoleta bafle mbili, yaani spika kubwa za mbao, hakuulizwa. Jua lilikuwa limezipausha na unyevu umeifanya vanishi kuwa nyeupe kama ukungu. Sylvestre aliisugua ya kwanza kwa msasa laini, polepole, maana mbao ya juu haizidi unene wa ukucha, akaipaka rangi ya kahawia na vanishi mpya. Kisha viti vya parokia vikamchelewesha. Siku ya kumi na mbili ndipo alipoifuta vumbi bafle ya pili.

Juu yake palikuwa na alama iliyokolea, mahali ambapo kitambaa cha kufuma kililikinga jua miaka mingi. Maua sita yalizunguka duara. Matano yalikuwa na petali nane. La sita lilikuwa na tano, kwa sababu uzi ulimwishia mama yao, na kitambaa alikirithi Denise. Sylvestre alizihesabu petali mara mbili.

Eddy akaingia.

“Papa Sylvestre! Bafle yangu inalala kwako kama bibi wa pili. Wateja banasema mu baa yangu tunachezaka muziki ya telefone!”

“Ulizinunua kwa nani?”

“Aa! Weye pia umekuwa polisi?”

“Eddy. Kwa nani?”

“Kwa mama moja wa ku kambi ya badeplase, bale bakimbizi ba vita. Alizifunga ku pikipiki, akatoka nazo Bule mpaka kwa bantu ba familia; mwezi huu ndio aliingia kambini. Alikuwa anakohoa tu. Alisema iko na kaka, fundi ku Marabo, lakini telefone yake haipitake.”

“Huyo mama iko pale mpaka sasa?”

Eddy alivua kofia.

“Alikufa juzi, muzee. Nilienda kuchukua waya zilizobakia, bakaniambia bamemuzika.”

Kambi ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Katika zile siku kumi na mbili, Denise alikuwa hai siku kumi. Sylvestre alipiga hesabu hiyo mara ya pili, jibu likawa lilelile.

“Nipeleke.”

“Ulimujua?”

“Ni dada yangu.”

Eddy hakutania tena. Walikwenda kwa pikipiki yake. Pale makaburini, udongo mpya ulikuwa na marundo manne, yote ya juzi, yote bila jina. Mchimbaji alionyesha la pili. Akalitazama tena, akasema labda ni la tatu.

Sylvestre akasimama katikati ya hayo mawili.