Dole Gumba Juu ya Mlango

"Usicheke," fundi rangi alimnong'oneza mkewe mlangoni. "Ukicheka dalali anapandisha bei."

"Kwani nimecheka?"

"Meno yako yote nayaona."

Mke akafunga mdomo, lakini macho je, angeyafungaje? Walikuwa wamehama nyumba za kupanga mara tisa. Tisa! Kila wakihama kabati lake la vyombo lilivunjika kitu, na sasa lilisimama juu ya matofali mawili kama mgonjwa. Leo, wakikubaliana, wangetia sahihi hapa hapa, naye angeliweka mahali ambapo hakuna wa kumwambia aliondoe.

Fundi alikuja na tochi, gololi na pua yake. Aliweka gololi sakafuni, ikatulia. Akafungua mabomba yote kwa pamoja, akavuta maji ya choo, akapanda kiti kuchungulia dari. Akagonga kuta kwa kidole na kutega sikio.

"Mzee wangu," dalali akasema, "unanunua nyumba au unaitibu kifua?"

"Nyumba ni kama mchumba. Mtazame akiwa hajajipodoa."

Na nani angemfundisha yeye mambo ya kupodoa? Miaka thelathini wenye nyumba walimwita wiki moja kabla ya kuuza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Yeye aliuziba kwa rangi, akalipwa, akaenda zake, na usingizi wake haukuharibika hata siku moja.

Chumba cha nyuma kilimmaliza. Alipapasa ukuta, akaunusa, akaumulika kwa ubavu.

"Lo! Huyu ndiye fundi!" akasema. "Tazama kona ilivyonyooka. Siku hizi watu hawa hawapo tena. Ukuta mkavu huu, naapa."

"Sasa nicheke?"

"Cheka, mke wangu."

Akacheka, tena kwa sauti. Dalali, ambaye hakungoja kuambiwa mara mbili, akatoa karatasi na kalamu.

"Weka sahihi hapa, mzee."

Fundi akainua macho aufaidi ukuta mara ya mwisho. Juu ya fremu ya mlango palikuwa na alama ya dole gumba, pana, lenye kovu la mshazari. Akatazama dole lake. Akatazama juu tena. Mama yangu! Kila akimaliza kazi alibonyeza dole pale, rangi ikiwa mbichi.

Miaka miwili nyuma alipitishwa mlango wa uani, akafanyia kazi chumba hiki kimoja tu. "Usiulize maji yanatoka wapi," mwenye nyumba alimwambia. "Wewe nifichie."

"Mzee, sahihi," dalali akasema.

"Nimeshaweka," fundi akajibu, akaonyesha juu.

Akachukua ufunguo, akakwangua ukuta chini karibu na sakafu. Rangi ikabanduka, na nyuma yake plasta ikamwagika, imelowa chepechepe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Niliuficha mimi," akamwambia mkewe. "Nisamehe. Twende nyumbani."

Machozi yakamlengalenga mke. Kisha akajifuta kwa kiganja.

"Zile nyumba nyingine tulizotazama, ulizificha wewe?"

"Hapana."

"Basi zile hatujui zinavuja wapi. Hii tunajua." Akamgeukia dalali. "Mwanangu, punguza bei."

"Mama, si mumeo mwenyewe ameusifu ukuta?"

"Amesifu kazi yake. Mwanamume gani haisifu? Mpigie mwenye nyumba."

Dalali akatoka uani na simu yake, akilalamika njia nzima.

"Ukuta huu utaubomoa," mke akasema. "Kwa mikono yako hiyo hiyo."

"Nitaubomoa."

Mke akaenda ukuta wa pili, ule mkavu, akaanza kuupima kwa shubiri kwa ajili ya kabati. Moja. Mbili. Fundi akapanda kiti, akaweka dole gumba kwenye alama yake. Lilienea sawasawa. Akawakumbuka wake za watu, wale ambao huenda walisimama mbele ya kuta zake nyingine wakaambiwa na waume zao wacheke. Nje dalali alikuwa bado anabishana na simu.

"Saba," mkewe akahesabu nyuma yake. "Nane. Hebu shuka, baba, unishikie hapa."

Hakushuka upesi.