Viti Vitatu Kwenye Starlet

Okech aliponunua gari lake la kwanza, Starlet nyeupe iliyotoka Japani na kibandiko cha maandishi yasiyosomeka bado kimeganda kwenye kioo cha nyuma, mkewe Adoyo alilizunguka mara moja, akafungua buti, akalifunga, akasema, "Zuri. Likishakua litatutosha."

Miaka hiyo magari ya mtumba yalikuwa yameanza kumiminika Mwanza, na mtu wa mshahara aliyeweza kununua lolote hakuwa na sababu ya kuona haya. Yeye alikuwa msimamizi wa chumba cha baridi katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kule Nyakato. Kazi yake ilikuwa kupanga maboksi ya samaki ili yaingie mengi mahali padogo, na kwa jinsi alivyoifanya vizuri, alikuwa ameanza kuamini kwamba hakuna kitu kisichoingia mahali popote, mradi mpangaji awe yeye.

Ndipo ikaja habari ya viti vya watoto.

Watoto walikuwa watatu. Princess alikuwa na miaka mitano, na hapakuwa na jambo ambalo hakuwa na neno la kulisemea. Otuoma alikuwa na miaka mitatu. Okal alikuwa bado mchanga, ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Kabla hawajawa na gari lao, Jumapili moja walipanda teksi kutoka kanisani. Dereva akafunga breki ghafla kumkwepa mbuzi, Otuoma akachomoka mapajani kwa mama yake akapasuka kidevu kwenye kiti cha mbele. Alishonwa, akapona, akasahau. Baba yake hakusahau. Gari lilipopatikana tu, alianza kutafuta viti vile ambavyo Wazungu huwafungia watoto wao.

Havikuwa vitu vya kuvikuta dukani. Cha kwanza alipewa na fundi Mholanzi aliyekuja kiwandani kufunga mashine na sasa alikuwa anarudi kwao. Kilikuwa kikubwa, kina mikono miwili ya kuegemea, na Adoyo akakiita kiti cha kinyozi. Cha pili Okech alikichomoa kwenye lundo la mitumba pale soko la Mlango Mmoja, kati ya magongo ya wagonjwa na vitanda vya kukunja. Kilikuwa na kitambaa cha zambarau. Hicho Adoyo akakiita kiti cha askofu. Cha tatu kilikuwa kidogo, cha mtoto mchanga, na kilitoka kwa Mama Zahabia, mwenye duka la vitambaa mjini ambaye Adoyo alikuwa akimshonea mapazia. Wajukuu zake wa Kanada walikuja nacho likizo wakakiacha.

"Sasa tumebakiza meza," Adoyo alisema alipoviona vyote vimepangwa ukumbini. "Tufungue hoteli."

Wakati huo walikuwa wanajiandaa kwenda Sengerema. Akelo, dada yake mkubwa Adoyo, alikuwa na binti anayepata kipaimara, na alikuwa ametuma ujumbe kwamba safari hii hataki kusikia kisingizio cha kukosa usafiri. Jumamosi ya kabla ya safari, Okech alivaa kaptula, akavibeba viti hadi nje pale kwao Kiseke, na akamwambia mkewe asihangaike kumsaidia.

"Sikuwa nimefikiria kuhangaika," Adoyo alimjibu.

Alianza na cha Mholanzi upande wa kulia. Kikaingia. Akakaza mkanda, akakitikisa, hakikutikisika. Akaweka cha zambarau upande wa kushoto. Nacho kikaingia. Nafasi iliyobaki katikati ilionekana kubwa ya kutosha, lakini alipoleta kile cha Mama Zahabia kikagota juu kabla hakijafika chini. Akakigeuza ubavu. Akakiingiza kwa nyuma kupitia buti. Akatoa cha kushoto, akaanza na cha katikati, na sasa kile cha kushoto kikazuia mlango usifungwe. Jua lilikuwa limeshapanda, na Princess alikuwa ameketi kwenye ngazi akimwangalia.

"Baba, kwani vinaingia?"

"Vinaingia."

"Lini?"

Okech akarudisha viti viwili vya pembeni, akavikaza tena, kisha akapata wazo. Kule kiwandani, maboksi yakibanana, mtu huingiza bega katikati akayasukuma mpaka yapeane nafasi. Basi akapanda, akajishindilia katikati ya viti, akasukuma kwa nyonga huku na huku. Alikuwa mtu mwenye mwili. Viti vikasogea kidogo, yeye akashuka kidogo, na alipotaka kuinuka akagundua kwamba haiwezekani. Kiti cha Mholanzi kilimkaba kulia, cha zambarau kikamkaba kushoto. Ili atoke, ilibidi kimoja kifunguliwe. Na vifungo vya mikanda yote miwili alikuwa amevikalia.

Hatimaye akasema kwa sauti ya kawaida, "Princess, mwite mama."

Adoyo alitoka na Okal mgongoni, akainama dirishani.

"Umefanikiwa?"

"Nimekwama."

"Naona." Hakuonekana mwenye haraka. "Unataka chai?"

"Mama Princess, nitoe."

Wakati huohuo gari la Mama Zahabia likaingia uani. Alikuwa mama mnene wa makamo, aliyezoea kujiendesha mwenyewe mjini kote, na alikuwa amekuja kuleta kitambaa cha mapazia. Adoyo akamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa ndani ya Starlet.

"Okech, hapo ni pa kile kiti nilichompa mtoto," alisema.

"Shikamoo mama," Okech alisema kutoka ndani.

"Marahaba baba. Umekaa vizuri?"

Adoyo alikuwa ameanza kuzunguka kwenda kufungua mlango wa nyuma, lakini Mama Zahabia akamshika mkono. "Adoyo, siku nyingine utampata wapi akiwa ametulia namna hii? Nipe huyo mtoto. Mwonyeshe."

Adoyo akasita. Akamtazama mumewe, akautazama usukani. Kisha akamfungua Okal mgongoni, akamkabidhi, akafungua mlango wa dereva akaketi.

"Unafanya nini?" Okech aliuliza.

Mkewe alivuta kiti mbele, akarekebisha kioo, akakanyaga klachi, akawasha gari. Likaondoka taratibu, bila kuruka, likapita langoni, likashika njia ya vumbi kuelekea uwanja wa shule. Okech alishika kiti cha Mholanzi kwa mkono mmoja na cha zambarau kwa mwingine. Mwanzoni alitaka kusema "punguza," ila halikuwa linakimbia. Akataka kusema "gia ya pili," naye Adoyo akawa ameshaiweka.

"Tangu lini?" aliuliza mwishowe.

"Tangu ulipoanza kutafuta viti. Kila Jumamosi ukienda Mlango Mmoja, mimi na Mama Zahabia tulikuwa barabara ya uwanja wa ndege. Mtihani nimeshafanya, na nimepita."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungenifundisha."

Okech alikuwa na uchungu kidogo, si kwa sababu mkewe anajua kuendesha, ila kwa sababu Mama Zahabia alijua kabla yake. Adoyo alimwona kwenye kioo.

"Siku ile ya teksi," alisema bila utani sasa, "wewe ulitoka hospitali ukiwaza viti. Mimi nilitoka nikiwaza kwamba siku nyingine anayeshika usukani awe mtu anayewafahamu watoto wangu kwa majina. Wewe ukiwa zamu je? Nimsubiri nani?"

"Mimi sikucheka ulipoviita vya kinyozi na vya askofu," Okech alisema.

"Ulinuna."

"Nilinuna. Lakini sikuacha."

"Hukuacha," Adoyo alikubali, na sauti yake ilikuwa laini. Alizunguka uwanja, akarudi njia ileile. Kabla ya kufika nyumbani akasimamisha gari pembeni, akabaki anatazama nyuma kwenye kioo, lakini safari hii hakuwa anamtazama mumewe.

"Baba Princess, hebu angalia juu. Hivi viti vina masikio ya kukinga kichwa. Vyote vinatazama mbele, kwa hiyo masikio yanagongana mahali pamoja. Chini kuna nafasi, juu hakuna."

Okech akageuza shingo kadiri alivyoweza. Ilikuwa kweli. Alikuwa ametumia asubuhi nzima kupima upana wa makalio ya viti.

"Cha katikati kitazame nyuma," alisema polepole. "Masikio yake yatakuwa mbele, penye miguu ya wenzake."

"Ndiyo hiyo."

"Ningeliona hilo."

"Ungeliona," Adoyo alisema. "Ulikuwa umelikalia tu."

Walipofika, Mama Zahabia alisaidia kumvuta. Kiti kidogo kikageuzwa, kikashuka katikati kama kilichotengenezewa pale, na milango yote miwili ikafungwa kwa sauti ndogo. Okech aliifungua akaifunga tena, kisha tena, mpaka Princess akamwambia itaharibika.

Asubuhi ya safari Okech ndiye aliyeendesha kutoka Kiseke. Hakuna aliyelijadili, ilikuwa hivyo tu. Watoto walikuwa wamefungwa barabara, Okal akiwa anawatazama ndugu zake ana kwa ana, jambo lililomfurahisha Otuoma sana hata akasahau kuuliza kama wamefika. Wakafika Kigongo na kupanga foleni ya kivuko. Foleni iliposogea, mwongozaji wa magari, kijana aliyeitwa Mihayo, akagonga bati la gari kwa kiganja.

"Abiria wote washuke, wapande kwa miguu. Abaki dereva peke yake."

Okech alijua sheria hiyo miaka yote, ila hakuwa ameikumbuka. Akageuka kutazama watoto watatu waliofungwa kwa mikanda aliyoitolea jasho. Adoyo akashuka, akaanza kuwafungua. Alipomtoa Okal, Otuoma akaanza kulia kwamba anataka kubaki kwenye kiti chake. Princess akasema viatu vyake vimepotea. Nyuma yao lori likapiga honi.

Okech akashuka.

"Nipe watoto," alisema. "Endesha wewe."

Adoyo alimtazama kuona kama anatania. "Pale kwenye mlango wa chuma wa kivuko ni pembamba."

"Si umepita mtihani?"

Basi Okech akapanda kivukoni kwa miguu, Okal kifuani, Otuoma akining'inia kwenye shati, Princess akiongoza. Wakasimama pembeni kuangalia. Starlet ilishuka mteremko vizuri, lakini pale magurudumu ya mbele yalipogusa chuma ikazimika. Watu wakageuka. Lori likapiga honi tena. Okech alihisi miguu yake ikitaka kwenda, akaizuia. Alimwona mkewe akivuta hendibreki, akiwasha, akimtazama Mihayo na si mtu mwingine yeyote, kisha gari likapanda likaingia mpaka lilipoelekezwa na kusimama.

Mihayo akachungulia kiti cha nyuma, akamjia Okech akicheka. "Mzee, kule nyuma mmebeba wafalme?"

"Ndio hawa," Okech alisema.

"Na dereva wako ulimpata wapi?"

"Nilimkuta nyumbani."

Walipofika Busisi, ng'ambo ya pili, Okech alipita kwa miguu mpaka barabarani, akawafunga watoto mmoja mmoja, akakagua kila kifungo kwa kidole. Kisha akazunguka akaketi kiti cha abiria. Adoyo akaondoa gari. Upepo wa ziwa uliingia dirishani, na kabla hawajaenda mbali kichwa cha Okech kikaanza kuangukia kifuani.

"Mama," Princess alisema kutoka nyuma, "baba hajafunga mkanda."

Adoyo akasogeza gari pembeni, akavuta mkanda juu ya tumbo la mumewe, akatafuta kifungo, akakikaza. Okech alifumbua jicho moja.

"Tumefika?"

"Bado. Lala," Adoyo alimwambia, akaingiza gia.