Mkono wa Fundi Rangi

Marehemu mume wangu hakuketi popote bila kupagusa kwanza kwa mgongo wa vidole. Alikuwa fundi rangi, na aliyewahi kukalia benchi lenye rangi mbichi hasahau. Hata kitanda chetu alikigusa. Nilikuwa nikimtania, "Kaa tu, baba, shuka haijapakwa leo."

Mdogo wake, shemeji yangu, anatengeneza filamu za katuni. Alihitaji mtu wa kuigiza mwendo wa mzee, akamshika kaka yake. Wakamvalisha nguo nyeusi ya kubana iliyobandikwa vigoroli vinavyong'aa, wakamtembeza katika chumba kilichozungukwa na kamera. Kamera zile hazina haja na sura. Zinafuata vigoroli tu, kisha kompyuta inauvisha mwendo ule mwili mwingine. Alirudi nyumbani akicheka. "Mke wangu, leo nimevaa kama chura, na kazi yenyewe ni kukaa na kuinuka!"

Mvua zilipokwisha, akafariki. Picha tunazo, amesimama wima kama askari. Video hakuna. Simu iliyokuwa nazo aliitumbukiza mwenyewe kwenye ndoo ya rangi.

Kwa hiyo shemeji aliponipigia kwamba mzee wake wa katuni yuko tayari, nilienda mbio.

"Jioni tunaikabidhi kazi," alisema akinivutia kiti. "Nimeona umtazame kwanza wewe, kabla hajawa wa watu."

Kwenye skrini akatokea mzee wa katuni, ndevu nyeupe, pua kama kiazi. Lakini bega la kulia lilikuwa limeinama kidogo, bega la kubebea ngazi. Akatembea mpaka kwenye benchi, akaketi. Hapo nikampoteza.

"Vipi, shemeji?"

"Mpaka kwenye benchi ni yeye. Aliyeketi simjui."

"Jamani, aliyeketi ni kaka mwenyewe!"

"Basi mkono wake uko wapi?"

Akarudisha nyuma, akafungua zile nukta za vigoroli zilizonaswa siku ile. Mume wangu alipoanza kuinama, nukta za mkono wa kulia zikatoweka. Alipokwisha kuketi, zikarudi.

"Mwili uliukinga, kamera hazikuuona," shemeji akasema taratibu. "Kukiwa na pengo, kompyuta inalijaza yenyewe kwa njia fupi. Nikaona mkono umeshuka vizuri pajani, nikapita." Akajishika kichwa. "Na nimekula naye sahani moja miaka yote!"

"Ukiwakabidhi hivi?"

"Ndivyo atakavyobaki."

Nikasimama, nikamwonyesha: vidole nyuma, kugusa, kusubiri kidogo, kuketi. Akaangua kicheko.

"Shemeji, unakaa kama bibi harusi! Kaka alikaa kama mtu anayevizia kuku."

Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akaangalia ukutani. Nguo ile nyeusi ilikuwa imetundikwa pale. Hakuniomba, niliitwaa mwenyewe. Mikono ilinizidi, akaikunja na kuibana kwa pini. Akashusha kamera moja karibu na sakafu, akaligeuza benchi upande.

Niliketi nikainuka, nikaketi nikainuka, huku yeye akikemea kama kocha: "Chini zaidi! Usiwe na haraka, rangi itakuchafua!" Mwishowe nikafumba macho, nikamfikiria akirudi jioni, suruali ina madoa, akikikaribia kiti chake.

"Hapo! Hapo hapo!"

Mchana kutwa aliuunganisha mkono wangu na mwili wa kaka yake. Ulikuwa mfupi, akaurefusha. Bega likakataa, akalibembeleza. Jua likiinama, mzee wa ndevu nyeupe alilifikia benchi, akaligusa kwa mgongo wa vidole, akasubiri, akaketi.

"Mbichi?" nikauliza.

"Imekauka," shemeji akajibu, akifuta macho kwa ukosi wa shati.

Filamu ilipotoka tuliitazama kwa mama mkwe. Macho yake ni hafifu, na tangu mwanzo alinung'unika kwamba zile ndevu si za mwanawe, tunamdanganya. Mzee alipoligusa benchi, mama akainamia skrini. Akaushika mkono wangu wa kulia bila kujua ameshika nini.

"Mrudisheni," akasema. "Mrudisheni akae tena."

Namshukuru shemeji yangu. Alimrudisha kila alipoambiwa, mpaka mama akatosheka.